SHAHADA AU DOLA? MTIHANI WA VIJANA WA MPIRA WA VIKAPU HUKO MAREKANI

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo ukizifungia chumba kimoja zitapigana kama majogoo. Ya kwanza yasema, haraka haraka haina baraka. Ya pili yajibu, ngoja ngoja huumiza matumbo. Msomaji mpenzi, hebu jifanye kijana wa miaka 19. Uko chuo kikuu huko Marekani, kichwa chako kinakaribia kugonga mlango wa darasa, na maelfu ya watu hulipa kiingilio kuja kukutazama ukitia mpira kikapuni. Timu kubwa za kulipwa zinakunyemelea. Ukiondoka leo, huenda ukapewa mamilioni ya dola. Ukibaki, baada ya miaka mitatu utapata shahada. Je, utashika methali ipi?

Huo ndio mtihani ninaotaka kuueleza katika makala haya. Wengi wetu hatukawii kuujibu. Walimu husema, "Soma kwanza." Wanafunzi husema, "Chukua pesa, utasoma baadaye." Mimi naona pande zote mbili zinajibu kabla ya kulisoma swali, na mwalimu yeyote atakwambia kwamba hiyo ndiyo njia ya kufeli.

Kwanza tuelewe jinsi mambo yalivyo huko. Hapa kwetu mtu akitaka kucheza mpira hutafuta klabu, na klabu haimuulizi alipata gredi gani. Huko Marekani njia kuu ya kwenda ligi ya NBA hupitia chuo kikuu. Katika daraja la juu kuna zaidi ya vyuo 350 vyenye timu ya wanaume. Kwa miaka mingi kila timu iliruhusiwa kuwafadhili wachezaji 13 masomo yao yote, yaani karo, malazi, chakula na vitabu. Piga hesabu: 350 mara 13 ni 4,550. Sasa tazama upande wa pili. NBA ina timu 30 tu. Kila mwaka kukifika mwezi wa Juni timu hizo hukutana na kuteua wachezaji wapya kwa zamu, raundi mbili, kwa kawaida majina 60 hivi. Na majina hayo si ya vyuo vya Marekani pekee, kwani vijana wa Ulaya, Afrika na Australia nao wamo. Kwa hivyo wanaosukumana mlangoni ni maelfu, na viti ni 60.

Hata hao 60 hawakai meza moja. Wale 30 wa raundi ya kwanza hupewa mkataba ambao miaka miwili ya mwanzo imehakikishwa. Mchezaji hata akivunjika mguu siku ya pili, mshahara wake upo, nao hupita dola milioni moja kwa mwaka. Wa juu kabisa hupata zaidi ya milioni kumi. Lakini wa raundi ya pili hana ahadi kama hiyo. Anaweza kupata mkataba mzuri, anaweza pia kuachwa kabla msimu haujaanza. Wengi wa hao, pamoja na wale wasioteuliwa, huenda kucheza ligi ndogo iitwayo G League. Katika msimu wa 2023-24 mshahara wa kawaida wa ligi hiyo ulikuwa dola 40,500 kwa msimu mzima. Kwa hivyo kati ya mtu wa nafasi ya 5 na mtu wa nafasi ya 55 kuna bonde kubwa, ingawa wote tutawaita "wameenda NBA".

Zamani mtihani huu haukuwapo kwa sababu sheria ilikuwa imeshaujibu. NBA ilikataza timu kumchukua kijana yeyote kabla ya kupita miaka minne tangu amalize shule ya sekondari. Aliyeubomoa ukuta huo ni Spencer Haywood. Huyu alizaliwa Silver City katika jimbo la Mississippi, katika nyumba ya watoto kumi, na alipokuwa mdogo alichuma pamba mashambani. Mwaka wa 1968, akiwa na miaka 19, aliisaidia Marekani kushinda dhahabu katika Olimpiki za Mexico. Mwaka uliofuata aliacha Chuo Kikuu cha Detroit akajiunga na ligi nyingine ya kulipwa iliyoitwa ABA. Halafu mwaka wa 1970 timu ya Seattle, iliyokuwa NBA, ikamsajili. Ligi ikasema hapana. Kesi ikapanda kutoka mahakama moja hadi nyingine mpaka ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Machi 1971 ilitoa uamuzi uliomwezesha kuendelea kucheza. Baada ya hapo ligi ikaanza kuwakubali mapema vijana walioweza kuonyesha kwamba nyumbani kwao kuna shida, na kuanzia 1976 hata hilo la kuonyesha shida likaondolewa.

Ukitafakari utaona jambo moja. Mlango huu haukufunguliwa na tamaa. Ulifunguliwa na umaskini. Haywood alikuwa na mama aliyelea watoto kumi kwa kazi ya jasho. Kumwambia kijana kama huyo angoje miaka mingine bila malipo, wakati mikono yake ingeweza kuitoa nyumba nzima kwenye shida, si hekima ya bure. Sisi wa shule ya kutwa tunajua jambo hili. Tunajua maana ya kutumwa nyumbani kuleta karo na kumkuta mama naye hana. Kwa hivyo tusiwe wepesi wa kumwita mtu mpenda pesa wakati hatujui sufuria ya kwao ina nini.

Turudi kwenye historia. Mwaka wa 1995 Kevin Garnett alitoka shule ya sekondari moja kwa moja akateuliwa nambari 5 na timu ya Minnesota. Mwaka wa 1996 Kobe Bryant akafanya vivyo hivyo, na mwaka wa 2003 akaja LeBron James. Wenye timu wakawa wanahudhuria mechi za shule za sekondari kama wanunuzi wa ng'ombe siku ya soko. Ndipo mwaka wa 2005 ligi na chama cha wachezaji wakapatana sheria mpya: mchezaji sharti afikishe miaka 19 katika mwaka wa uteuzi, na kama ni wa Marekani, sharti uwe umepita angalau mwaka mmoja tangu darasa lake limalize sekondari. Sheria ilianza kutumika kwenye uteuzi wa 2006. Matokeo yake? Kijana hodari huingia chuoni, hucheza msimu mmoja, na kabla hata hajazoea njia ya maktaba, huyo, ameshakwenda zake!

Muhula uliopita sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tulikuwa na mjadala, mada yake "Kipaji hulipa kuliko vitabu". Upande wa kuunga mkono ulishinda kwa makofi, na silaha yao ilikuwa majina matatu tu: Garnett, Kobe na LeBron. Mimi niliketi nikajiuliza, je, wale ambao majina yao hatuyajui? Mtu akishinda picha yake hubandikwa ukutani. Akishindwa nani atambandika?

Mmoja wao ni Lenny Cooke wa New York. Alipokuwa sekondari alihesabiwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa rika lake nchini kote, na wakati mmoja aliwekwa mbele ya LeBron mwenyewe. Mwaka wa 2002 alijiandikisha kwa uteuzi bila kupitia chuo. Usiku ule majina yaliitwa, raundi ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, na lake halikutajwa. Wakati huo aliyeweka wakala na kukosa kuteuliwa hakuweza kurudi nyuma akacheze chuoni. Akawa hana NBA na hana chuo. Alicheza ligi ndogo za hapa na pale, lakini NBA hakuingia kamwe. Hayo ndiyo yale ya kuacha mbachao kwa msala upitao.

Sasa tuwatazame waliobaki. Tim Duncan alitoka kisiwa cha St. Croix katika Karibi. Alikuwa muogeleaji, lakini mwaka wa 1989 kimbunga Hugo kiliharibu bwawa walilokuwa wakifanyia mazoezi. Mwaka uliofuata mama yake akafariki kwa saratani, Duncan akiwa hajatimiza miaka 14. Alikuwa amemwahidi mama kwamba atamaliza chuo. Alipofika Chuo Kikuu cha Wake Forest timu za kulipwa zilimtaka mapema, naye akakaa miaka yote minne, akapata shahada ya saikolojia. Mwaka wa 1997 aliteuliwa nambari 1 na San Antonio, na akatwaa ubingwa wa NBA mara tano. Kumbe kungoja hakukumpunguzia kitu.

Wa pili anatugusa zaidi sisi watu wa Kiswahili. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa, na miongoni mwa lugha nyingi alizozisema, Kiswahili kilikuwamo. Mwaka wa 1987 alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson alipouona urefu wake, ambao ulipita futi saba, akamwita uwanjani. Mutombo akacheza, lakini kalamu hakuiweka chini. Alihitimu mwaka wa 1991 katika isimu na diplomasia. Ndiyo, isimu, hiyo hiyo ambayo wengine wetu huikimbia katika karatasi ya pili! Mwaka huo huo aliteuliwa nambari 4 na timu ya Denver akiwa na miaka 25, umri ambao wengine huitwa wazee wa kuanza, na bado alicheza misimu 18. Udaktari hakuupata, lakini hospitali alijenga. Iko Kinshasa, inaitwa Biamba Marie Mutombo, jina la mama yake, na ilifunguliwa mwaka wa 2007. Mutombo alifariki Septemba 2024.

Kisha kuna kundi la tatu, ambalo katika mjadala wetu halikutajwa na upande wowote. Hawa ni wale walioondoka na baadaye wakarudi. Michael Jordan aliondoka Chuo Kikuu cha North Carolina mwaka wa 1984 baada ya miaka mitatu, kisha akarejea na kumaliza shahada yake ya jiografia. Shaquille O'Neal aliondoka chuo cha LSU mwaka wa 1992, naye alikuwa amemwahidi mama yake kwamba atamaliza. Mwaka wa 2000, akiwa tayari bingwa wa NBA na tajiri, alivaa joho na kupokea shahada. Hakuishia hapo. Mwaka wa 2012 alipata shahada ya udaktari katika elimu. Stephen Curry aliondoka chuo cha Davidson mwaka wa 2009 akibakiza mwaka mmoja, na akamaliza mwaka wa 2022, miaka 13 baadaye. Mwenda tezi na omo marejeo ngamani.

Kutokana na mifano hii, naona swali la "shahada au dola" lina maswali matatu ndani yake.

La kwanza: jina lako litaitwa wapi? Kama wanaojua wanasema utakuwa kati ya wale kumi wa mwanzo, kubaki kuna hatari yake. Goti halingoji. Februari 2019 Zion Williamson wa chuo cha Duke alikuwa anacheza na North Carolina. Mechi haijafikisha hata dakika moja, kiatu chake kikapasuka na goti likateguka. Nchi nzima ikashika roho mkononi, wengine wakamshauri asicheze tena chuoni. Bahati nzuri jeraha halikuwa kubwa, akarudi kucheza, na Juni akateuliwa nambari 1. Lakini je, lingekuwa kubwa? Shahada unaweza kuifuata ukiwa na miaka 34 kama Curry. Miguu ya miaka 20 huwezi kuifuata popote. Lakini kama unatarajiwa kuitwa raundi ya pili au kutoitwa kabisa, hesabu inageuka, na mwaka mmoja zaidi chuoni waweza kukupandisha. Zach Edey wa chuo cha Purdue alijiandikisha kwa uteuzi wa 2023, akapima upepo, akaona nafasi yake si nzuri, akaondoa jina na kurudi darasani. Mwaka wa 2024 aliteuliwa nambari 9.

La pili: nyumbani kuna nini? Hili nimeshalisema kwa Haywood. Mwenye wazazi wanaojiweza anaweza kungoja bila kuumia. Mwenye wadogo wanaolala njaa anangoja kwa gharama ambayo haionekani kwenye takwimu.

La tatu: njia ya kurudi iko wazi? Hapa sheria zimesaidia. Tangu mabadiliko ya mwaka wa 2018, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilivitaka vyuo vya daraja la juu viwalipie karo na vitabu wachezaji wa vikapu waliokuwa na ufadhili, wakasoma angalau miaka miwili, wakaondoka na sasa wanataka kurudi kumaliza, mradi haijapita miaka kumi. Kwa hivyo anayeondoka baada ya miaka miwili ameacha mlango umerudishwa tu. Anayeondoka baada ya mwaka mmoja, mlango huo haumhusu.

Jambo jingine kubwa limebadilika siku hizi. Kwa miaka mingi mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kupokea malipo, hata kama jezi yenye nambari yake ilikuwa inauzwa dukani. Chuo kikapata, kocha akapata, yeye akabaki na ufadhili wake. Kuanzia Julai 2021 wachezaji wameruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Matokeo yameonekana mara moja. Mwaka wa 2021 waliojiandikisha mapema kwa uteuzi walikuwa zaidi ya 350. Mwaka wa 2025 walikuwa kidogo tu juu ya 100. Angalieni vizuri, vijana hawa hawakugeuka ghafla kuwa wapenzi wa vitabu. Ni njaa iliyokuwa inawatoa darasani, na ilipopungua, wakabaki. Hilo ni fundisho kwa kila anayelalamika kwamba vijana huacha shule kwa sababu ya tamaa.

Wasichana wa shule hii msije mkasema nimewasahau. Ligi ya wanawake, WNBA, ilianza kuchezwa mwaka wa 1997, na muda mrefu iliwataka wachezaji wa Marekani wamalize miaka minne ya chuo au wafikishe miaka 22 katika mwaka wa uteuzi. Caitlin Clark alikaa miaka minne Chuo Kikuu cha Iowa na akateuliwa nambari 1 mwaka wa 2024. Mshahara wake wa mwaka wa kwanza katika timu ulikuwa dola 76,535, wakati mwanamume wa nambari 1 mwaka huo huo alipata zaidi ya dola milioni 10. Clark alikuwa na matangazo ya biashara ya kumtajirisha. Lakini kwa wenzake wengi wasio na matangazo, shahada haikuwa pambo la ukutani. Ilikuwa ndiyo chakula cha baadaye.

Je, haya yatuhusu nini sisi? Hapa kwetu hakuna uteuzi wa Juni wala mkataba wa mamilioni unaomngoja mtu kwenye lango la shule. Lakini wachezaji wapo. Tylor Ongwae, ambaye Februari 2021 alitia kikapu cha mwisho kilichoipa Kenya ushindi dhidi ya Angola, alipitia Chuo Kikuu cha Louisiana Monroe kabla ya kucheza mpira wa kulipwa ng'ambo. Kwake mpira na chuo vilikuwa njia moja. Na katika timu zetu za vikapu, kandanda na voliboli kuna wenzetu ambao wameanza kunong'ona kwamba mtihani wa Kidato cha Nne hauna maana, wakipata klabu mjini watakwenda. Sitaki kuwacheka, na pia sitaki kuwadanganya.

Nawaambia hivi. Kabla hujafunga daftari, jiulize maswali yale matatu. Nani, asiye rafiki yako, amekuambia utaitwa? Ulichoahidiwa kimeandikwa na kutiwa sahihi, au ni maneno ya mdomo ya mtu mwenye gari zuri? Kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na ukiumia goti mwezi wa tatu, ni mlango gani utakaokupokea? Ukiwa na majibu matatu mazuri, nenda, nasi tutakuja kukushangilia. Ukikosa hata moja, basi njoo Jumatatu kama kawaida. Mazoezi ni saa kumi na nusu jioni baada ya masomo, na mpira hautakimbia.

Nanyi walimu wetu wapendwa, ninawaomba jambo moja. Mchezaji akianza kukosa masomo, kabla ya kumwambia kwamba michezo inampoteza, muulizeni kwanza kama nyumbani wamekula.